Usimlipe wakala, dada. Anza na baraza

Dada, umeuliza kama umlipe wakala wa hapo Ujiji anayekuahidi kazi ya uuguzi Uingereza. Nakusihi usimlipe. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na kwa kanuni za Uingereza mawakala hawaruhusiwi kuja kutafuta wauguzi kwetu. Muuguzi anayeomba mwenyewe moja kwa moja kwa mwajiri hazuiwi, na hatakiwi kutozwa ada ya kutafutiwa kazi.

Anza na usajili kwa NMC, baraza la wauguzi la huko. Watataka uthibitisho wa leseni yako kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, pamoja na ushahidi wa Kiingereza. Kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, ni alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Baada ya hapo upo mtihani wa kompyuta, kisha wa vitendo, ambao hufanyika Uingereza kwenyewe. Viza huombwa ukishapata cheti cha udhamini cha mwajiri, na kipimo cha kifua kikuu ni lazima.

Kabla ya yote hayo, tandaza vyeti vyako mezani ulinganishe majina herufi kwa herufi. Mimi nilikuwa na “Mwajuma” kwenye cheti cha chuo na “Mwanajuma” kwenye pasipoti, nikalazimika kutafuta hati ya kiapo ya majina kwa wakili mjini Kigoma huku maombi yangu yakisubiri.