Shusha fimbo, mdogo wangu

Jumamosi iliyopita nilikuwa chomboni na vijana watatu wageni katika uvuvi huu wa fimbo na rili, yaani kile chombo cha kukunjia mshipi. Jua halijapanda sawasawa, wawili wameshasimamisha fimbo wima kama mlingoti, na wa tatu ameikamata juu kabisa ya mpini, karibu na pete ya kwanza, samaki mwenyewe bado yuko mbali. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Nawapenda vijana hawa. Wanaamka kabla yangu na hawalalamiki jua likiwaka. Ila rili ikilia hakuna anayesikia neno, kwa hiyo naandika.

1. Breki ya rili, inayozuia mshipi usitoke ovyo samaki akivuta, hupangwa nchi kavu, kwa mizani ya kuning'iniza. Kuvuta mshipi kwa vidole na kutikisa kichwa si kupima. Robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi inatosha: mshipi wa kilo 15, breki kilo 4 hadi 5. Samaki akishanasa, achana na breki. Najua unavyojisikia mshipi ulioko kwenye bobini, ile roda ya rili, ukikaribia kuisha, mkono unawasha kwenda kukaza. Lakini mshipi ukipungua, breki inajikaza yenyewe. Kipenyo cha mshipi uliobaki kikifika nusu ya ulichoanza nacho, nguvu ya kuutoa imeshakuwa maradufu, na bado hujahesabu maji yanayoukokota ule ulioko nje. Ukilazimika kugusa, basi legeza. Kuna kijana nimemwambia hili mara nne, na ataijua aya hii ni yake.

2. Fimbo. Hapa kaeni chini.

Ncha kazi yake ni kurusha na kuhisi. Nguvu ya kumnyanyua samaki iko kwenye kitako, ile sehemu nene ya chini ya fimbo. Ukiinua fimbo wima, mzigo wote unahamia nchani. Unaiona imepinda, unadhani unamtesa samaki, kumbe anayeteseka ni mgongo wako. Ishushe, nyuzi 45 au chini ya hapo kutoka usawa wa maji, kitako kibebe. Na mkono wa mbele ubaki kwenye mpini: ukishika juu zaidi, umeikata nguvu ya kitako na kuisukumia sehemu nyembamba.

Haya niliyajua kwa njia mbaya. Mwaka wangu wa pili, mzee aliyenifundisha aliniazima fimbo yake ya kaboni. Alikuwa nayo miaka mingi, kila jioni akiiosha chumvi kabla hajala. Nikanasa jodari. Dakika 50 nilipambana naye vizuri, mzee amesimama nyuma yangu kimya, na kwake kimya ndiyo ilikuwa sifa. Jodari akaanza kuzunguka chini ya chombo, kila duara akipanda kidogo, mpaka nikaona ubavu wake uking'aa. Hapo akili ikaniruka. Nilimtaka juu sasa hivi. Nikazungusha rili mpaka nje ikabaki kama mita moja tu ya mshipi, kisha nikainua fimbo juu ya kichwa kwa mikono miwili ili mwenye upembo, ule mti wenye ndoana kubwa ya kumpandishia samaki, amfikie. Samaki akageuza kichwa, akapiga mkia mara moja kwenda chini. Fimbo ikalia kama ubao mkavu unaovunjwa gotini. Vipande vitatu. Ncha kali ya kimoja ikaukata mshipi, na jodari akaenda na ndoana mdomoni.

Kinachoniuma zaidi ni nilichosema baada ya hapo. "Mzee, hii fimbo ilikuwa na ufa." Nilisema mbele ya chombo kizima. Mzee aliviokota vipande, akavifunga pamoja kwa uzi, hakunijibu. Alikuwa nyuma yangu wakati wote. Aliona kila kitu. Miaka mitatu nilisimulia habari za ule ufa mpaka nikauamini, na kwa kuuamini nikaendelea kuinua fimbo vilevile. Nikavunja nyingine mbili, kila moja nikaitafutia sababu yake. Siku moja nikafunga mshipi kwenye mizani, mwenzangu akaishika, nikavuta fimbo ikiwa wima, kisha ikiwa chini. Nikaona kwa macho yangu jinsi kipimo kilivyogoma kupanda ile mara ya kwanza. Jioni ileile nilikwenda kwa mzee nikamweleza yote, na ule uongo. Akaniuliza tu mizani ilisoma kilo ngapi.

Fanyeni jaribio hilo kabla ya kununua chochote kipya.

3. Kupampu ni hivi: inua polepole, shusha huku unazungusha. Usiishushe fimbo upesi kuliko rili inavyomeza mshipi. Ukilegea, ndoana inachomoka. Na breki inapotoa mshipi, acha kuzungusha.

4. Akiruka, mwinamishie fimbo. Sulisuli akitua juu ya mshipi uliokazwa, hadithi imeishia hapo.

5. Laza fimbo ubavuni umvute kinyume na anakoelekea. Kichwa kikigeuka, mwili unafuata. Kolekole hakupi muda: anakimbilia mwamba sekunde zile za kwanza, na huko mshipi unakatwa. Jodari anayezunguka chini yako naye ana dansi yake. Duara likimpeleka mbali, shikilia tu. Likimleta karibu, ndipo upampu. Vijana wengi wanafanya kinyume, wanachoka wakati yeye ana nguvu, wanapumzika wakati anajileta.

6. Akipita chini ya chombo, zamisha ncha majini na umfuate kwa omo au tezi, ilimradi mshipi usiguse mbao. Usisimame ukimvuta kupitia ukingo. Wenzako watakupisha, na wasipopisha wasukume.

7. Mwisho wa pambano acha nje mshipi wenye urefu wa fimbo, rudi nyuma hatua moja, fimbo imelala, umlete kwa mwenye upembo au wavu. Kama unamwachilia, harakisha tangu mwanzo kwa kutumia kitako. Samaki aliyepigwa saa nzima kwa ncha anaweza kuogelea mbele ya macho yako na kufa baadaye.

Jumamosi tunatoka saa kumi na moja alfajiri. Mizani nitaleta mimi, na hakuna atakayerusha kabla hajaifungia mshipi wake.