Kabla hujagawa dodoso, onana na ofisa mipango

Mdogo wangu unayeanza shahada ya uzamili, fildi yangu ya kwanza ilihusu malaria na vyandarua. Nilifika kijijini na vibali vyote, tukatoa damu vidoleni mwa watoto, nikajaza madodoso yangu, nikarudi mjini kuandika tasnifu. Miaka miwili baadaye nilipita palepale kwa shughuli nyingine. Bibi mmoja muuza vitumbua akanikumbuka: "Mwanangu, ile damu ya wajukuu zangu ilisema nini?" Tasnifu nilishapata A. Cha kumjibu bibi sikuwa nacho.

Halmashauri nako nilichemka. Ripoti niliipeleka mwezi Mei. Ofisa mipango aliipokea kwa heshima zote, akaigonga muhuri, akaniambia, "Bajeti tumeshafunga, labda mwakani." Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini makisio ya halmashauri huandaliwa miezi mingi nyuma, ifikapo Mei mambo yako Dodoma, wabunge wanajadili. Hilo darasani hatukufundishwa.

Ukitaka kuona kazi iliyofika mbali, soma habari za bonde la Kilombero na Ulanga mwishoni mwa miaka ya 1990. Watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara na wenzao wa Uswisi hawakuishia kuuliza kama chandarua chenye dawa kinasaidia. Waliuliza nani atakinunua, kwa bei gani, kwenye duka la nani, na wakajaribu hukohuko hati za punguzo, yaani karatasi za kumpunguzia mjamzito bei ya chandarua dukani. Matokeo waliyochapisha mwaka 2001 yalionyesha kuwa uhai wa watoto wa kati ya mwezi 1 na miaka 4 uliongezeka kwa asilimia 27 kwa wanaolalia vyandarua. Mwaka 2004 Hati Punguzo ikaanza kutolewa kliniki za wajawazito, mkoa baada ya mkoa. Wizara ilikuwa na namba, lakini pia ilikuwa na mfano uliokwisha kupita mikononi mwa wauza duka na manesi. Kwangu mimi, hicho cha pili ndicho kilichobeba uzito. Na haikuwa kazi isiyo na dosari: fedha ya kujazia juu ya hati iliwashinda akina mama wa kaya maskini, watafiti wakaliandika hilo nalo, na baadaye zikaja kampeni za kugawa vyandarua bure.

Kwa hiyo anza na ofisa mipango na mganga mkuu wa wilaya kabla swali lako halijakauka. Waulize wanatakiwa kuamua nini mwaka huu, na lini. Mtendaji wa kijiji naye usimwendee kwa ajili ya muhuri tu. Yeye ndiye atakayekuitishia mkutano siku ya mrejesho. Andaa kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida, uzisome hapo, uulizwe maswali. Na mafuta ya safari hiyo yaandike kwenye bajeti ya utafiti tangu siku ya kwanza. Ukisubiri mwishoni utapanda bodaboda kwa fedha yako, kama mimi.