Panya kutafuna waya wa friji: si njaa, ni meno

Dada wa Majengo, umeuliza kwa nini panya amekata waya wa friji na mahindi ameyaacha guniani. Meno yake manne ya mbele hukua maisha yote, kwa mwaka hata zaidi ya sentimita 10, hivyo lazima ayasage. Mbele yana gamba gumu la njano, nyuma ni laini. Nyuma hulika upesi, ncha ikabaki kali kama patasi. Hapa kwangu Moshi ukingo wa ndoo ya plastiki una mikwaruzo miwili miwili, utadhani kachonga fundi.

Tafadhali, chomoa hiyo friji leo. Usizungushie solatepu, waya uliochubuka huunguza nyumba, fundi aubadilishe. Halafu ziba matundu kwa waya wa kusugulia sufuria, juu yake saruji. Tundu la kupita kidole gumba linamtosha.