Kwa Nini Kisu Ulichokinoa Unakikuta Butu Kabatini

Swali hili huniijia sana wakati wa masika kutoka kwa vijana wanaoanza kazi jikoni: kisu nilikinoa mwenyewe, kikakata karatasi bila kuchana, nikakifungia kabatini, nimekitoa baada ya wiki mbili, kinateleza juu ya ngozi ya nyanya. Nani amekitumia?

Mara nyingi hakuna aliyekigusa. Tena chuma chenyewe hakilegei kwa kukaa tu. Pua, yaani chuma kigumu cha visu, iliyokwisha kukomazwa kwa moto hubaki ngumu miaka na miaka katika joto la kawaida la nyumba. Makali yakipotea kabatini, ama kuna kitu kimeyala, ama kuna kitu kimeyagonga, ama kisu hakikuwa kimemalizika kunolewa siku ile uliyodhani umemaliza. Ukijua ni lipi kati ya hayo, utajua la kufanya. Usipojua, utakuwa unarudi kwenye kinoo kila mara na kukila kisu chako bure.

Kwanza tuelewe udogo wa kitu tunachokizungumzia. Unywele wa mtu una unene wa takriban maikroni 70, na maikroni moja ni sehemu moja kati ya milioni ya mita. Ukingo wa kisu kilichonolewa vizuri haufiki hata maikroni moja. Kutu ikila maikroni moja ya bapa, yaani ubavu mpana wa kisu, hutaiona wala hutaihisi kwa kidole. Ikila kiasi hichohicho kwenye ukingo, makali yamekwisha. Ndiyo sababu kisu kinaweza kung'aa kote na bado kikawa butu.

Sisi tunaofanya kazi pwani tuna adui wa ziada, nalo ni chumvi. Hewa ya hapa ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima, na unyevu ukipita asilimia 75, chumvi huanza kuvuta maji hewani na kuyeyuka yenyewe. Wote mmeona kikopo cha chumvi kinavyolowa wakati wa mvua. Sasa fikiria kisu kilichopasua changu na pweza tangu asubuhi, kikapanguswa haraka kwa kitambaa kilekile cha meza, kikarudishwa mahali pake. Chembe za chumvi zimebaki kwenye ukingo, usiku zinavuta maji, na maji ya chumvi yanakila chuma wewe umelala. Kijana aliyezoea kisu chake Dodoma, ambako hewa ni kavu, akija Tanga au Unguja na mazoea yaleyale atadhani ameuziwa kisu kibovu.

Wengi hujitetea kwamba kisu chao ni cha chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho hupewa jina hilo kikiwa na kromiamu isiyopungua kama asilimia 10.5, na visu vingi vya jikoni vya Kijerumani vina karibu 15. Kromiamu hujenga utando mwembamba sana unaokinga chuma kilicho chini yake. Lakini chumvi hutoboa utando huo kwa vitundu vidogo, hasa pale maji yanapotuama na hewa haipiti. Kwa hiyo kisu hicho nacho huliwa, ila polepole na bila rangi ya kahawia ya kukuonya. Kisu cha pua ya kaboni tupu hakina kinga hiyo kabisa. Ukikikatia ndimu na kukiacha na maji yake juu ya ubao, hubadilika rangi mbele ya macho yako, na ukingo umeanza kuharibika kabla hujamaliza kukata kitunguu.

Ala ya ngozi ndiyo inayoponza wengi. Inapendeza, na kwa kubebea kisu au panga njiani inafaa sana. Kwa kuhifadhia haifai. Ngozi hufyonza unyevu na kuushikilia, na mara nyingi ina mabaki ya chumvi na dawa zilizotumika kuitengeneza, vyote vikiwa vimebana ukingo usiku na mchana. Kisu kikae nje ya ala, ala itundikwe pembeni.

Kuhusu kugongwa sina mengi. Kisu kikitupwa kwenye droo pamoja na miiko na makopo ya kupimia, kila droo ikivutwa ukingo unapigwa. Ukitumia sumaku ya ukutani, tanguliza mgongo wa kisu kisha laza bapa. Wakati wa kukitoa, inua upande wa makali kwanza, mgongo ubaki umegusa. Ukitumia kibao chenye matundu, chomeka kisu mgongo ukiwa chini, ili makali yasisuguane na mti kila kinapoingia na kutoka.

Kilichobaki ndicho kinachosumbua zaidi, na nadhani ndicho chanzo cha zaidi ya nusu ya malalamiko ninayoletewa. Unaponoa upande mmoja, chuma kilichokonda ukingoni husukumwa na kujikunja upande wa pili, kama unyuzi mwembamba mno. Unyuzi huo unakata, tena unakata karatasi vizuri sana, ndiyo maana unakudanganya. Lakini ni dhaifu. Nyuma yake pamenasa maji na tope la kinoo, kwa hiyo hata usipotumia kisu, hapo ndipo kutu huanzia. Ukikitumia, nyanya ya pili au ya tatu inaulaza, na unaona kisu kimekufa. Ukasema ni kabati.

Kuutambua si kazi. Laza kidole gumba juu ya bapa, kivute taratibu kuelekea nje kukivuka ukingo, usikipitishe kwa urefu wake kamwe. Kikikwama upande mmoja na kuteleza upande mwingine, unyuzi upo. Au pitisha kipande cha pamba: kitaacha nyuzi zake pale. Kuuondoa kunataka subira: mikono myepesi, mpigo mmoja upande huu, mmoja upande ule, ukipunguza uzito hadi kisu kibaki na uzito wake chenyewe juu ya jiwe laini. Kisha pitisha ukingo mara moja au mbili kwenye kizibo cha mti mwororo, rudia mipigo michache, osha, kausha. Vijana wengi huacha kazi hapa kwa sababu karatasi imeshakatika.

Nataja pia kisu kilichonolewa kwenye jiwe la kuzungusha lenye kutoa cheche. Ukiona ukingo umegeuka rangi ya samawati, joto limefika karibu nyuzi 300, na pua ya kisu cha jikoni hulegea kabla ya hapo. Makali yake hayatadumu hadi chuma kilichoungua kiondolewe chote kwa kinoo na maji.

Kukihifadhi, fanya hivi. Osha kwa mkono, kausha ukitoka mgongoni kuelekea makali, kiache hewani kidogo kabla ya kukifungia, maana unyevu hubaki pale mpini unapokutana na bapa. Kikikaa zaidi ya siku chache, kipake mafuta membamba sana kwa kitambaa. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi baada ya muda; mafuta mepesi ya madini yanayoruhusiwa kwa vyombo vya chakula ni bora.

Siku ukikitoa na kukikuta butu, usikimbilie kinoo. Pangusa ukingo kwa kitambaa cheupe: kikitoka na rangi ya kahawia, ni kutu. Kisha ushike chini ya taa, makali yakikutazama. Ukingo mkali haurudishi mwanga. Vitone vinavyometa hapa na pale ni alama za kugongwa. Mstari unaometa kote ni kutu, au unyuzi uliolala. Anza na mipigo michache myepesi kwenye jiwe laini, jaribu nyanya, na ikikataa tu ndipo ushuke kwenye jiwe la kukwaruza.