Re: Simu kwa usukani, tufunze madereva ama tukaze sheria?
Mkubwa, mimi nasema sheria, na si eti tuongeze faini, ishikwe tu hii iko, maana hiyo faini ya shilingi 2,000 hapa Kenya iko tangu 2016 na bado utapata dere wa matatu ya Kisumu–Nakuru anashuka ule mteremko hatari wa Salgaa simu iko mapajani, kidole gumba kinachapa meseji. Hajui ni hatari? Anajua sana. Mafunzo nayo ni yale ya kusukuma vigari vya plastiki kwa bodi imechorwa barabara ukitafuta leseni, basi. Afadhali wafunzwe hesabu: ukienda 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde, so sekunde tatu za WhatsApp ni mita 66 umeenda kama kipofu. Na abiria tuwache kunyamaza, makanga akinuna anune.