Mama aliuliza jiko liko wapi

Wiki hii mmeuliza: je, umewahi kwenda kupaona mahali ulipopajua kwanza kwenye filamu, na ulikuta ulichokitarajia? Nimewahi, na jibu langu lina majumba mawili, kwa sababu la kwanza halikututosha.

Naishi Reading, Uingereza. Tamthilia ya Downton Abbey, ya jumba la mabwana wa Kiingereza na watumishi wao, nimeitazama yote, na mama yangu ameitazama yote akiwa Tanga, kisha usiku tunapigiana simu kusimuliana. Kiingereza chake si kingi, lakini hakuhitaji mkalimani, kwa sababu alikuwa akifuatilia jiko. Mama alipika shule ya bweni ya wasichana kwa miaka 27. Mabwana na mabibi wa ghorofani, na mapenzi yao na urithi wao, aliwavumilia tu mpaka kamera irudi chini kwa mpishi na yule binti msaidizi wake. Hapo ndipo aliponiambia, "Yule binti anaonewa," au, "Mchuzi ule umeshakatika."

Alipokuja kunitembelea, nikakata tiketi mapema za Kasri la Highclere, ambako tamthilia ile ilipigwa kuanzia 2010 hadi 2015. Kukata mapema ni lazima. Wenye kasri bado wanaishi humo, na wageni hufunguliwa siku maalumu tu za mwaka. Tulipanda treni hadi Newbury, kisha teksi mwendo mfupi kuelekea kusini. Barabara inapita katikati ya majani na mierezi mikubwa, halafu mnara unachomoza juu ya miti. Mama akanishika mkono. "Ndilo lenyewe," akasema, kama aliyemwona ndugu yake anashuka kwenye basi.

Kwa nje hukosi kitu. Kasri lilipewa sura hiyo na Charles Barry kuanzia miaka ya 1840, msanifu yuleyule wa majengo ya Bunge pale Westminster, na ukiitazama ile minara unaona undugu wake na Bunge. Ndani pia vingi ni vyenyewe: maktaba, ngazi ya mbao iliyochongwa, na chumba cha kulia ambamo Mfalme Charles wa Kwanza, kwa mkono wa mchoraji Van Dyck, anatazama meza akiwa juu ya farasi. Nilifurahi sana. Nilikuwa nikimnong'oneza mama, hapa ndipo walipokaa fulani, mlango ule ndio aliotokea fulani. Mama akawa anaitikia kwa adabu. Tulipomaliza chumba cha kulia akasimama, akamgeukia mzee aliyekuwa akielekeza wageni, akamuuliza kupitia kwangu:

"Sasa jiko liko wapi?"

Yule mzee alitujibu kwa upole. Jiko lile halipo Highclere, na halikuwahi kuwapo. Sehemu ya chini ya kasri ilikuwa imebadilishwa zamani, haifanani tena na ya mwaka 1912, tamthilia inapoanzia, kwa hiyo watengenezaji walilijenga jiko, pamoja na ukumbi wa watumishi, ndani ya studio za Ealing, magharibi mwa London. Mtumishi anapokea sahani jikoni Ealing, anapanda ngazi. Anapoingia chumba cha kulia yuko Highclere, na ni siku nyingine kabisa.

Nilimtafsiria mama. Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo kinapikwa London, kinaliwa hapa?" Ndiyo, mama. "Kwa mwendo ule wa treni?"

Chini ya kasri kuna Misri. Earl wa tano wa Carnarvon, mwenye kasri wa wakati huo, ndiye aliyelipia uchimbaji wa mwanaakiolojia Howard Carter uliofichua kaburi la farao Tutankhamun Novemba 1922. Earl huyo alifariki Cairo miezi michache baadaye, Aprili 1923. Humo chini wameweka nakala za hazina za kaburi na baadhi ya vitu halisi alivyochimba mwenyewe. Ni maonyesho mazuri, na anayependa historia atafidiwa nauli yake hapo hapo. Mama aliyapita kwa heshima. Ila kwenye teksi aliniambia neno ambalo sijaliacha: "Wametuonyesha mahali pa kulia. Hawajatuonyesha mahali pa kupikia."

Nililichukua neno hilo nikakaa nalo, na nikaona lina ukweli mpana. Majumba haya makubwa ya Uingereza, baada ya vita viwili vya dunia, yalibaki bila jeshi la watumishi. Sebule na maktaba zilitunzwa kama zilivyo kwa sababu ndizo fahari ya ukoo. Majiko na vyumba vya kufulia vikageuzwa stoo, ofisi, mgahawa wa wageni. Kwa hiyo mtengeneza filamu akifika, juu anakodi na chini anajenga. Na sisi tunaofuata filamu tunajikuta tumetembelea nusu ya nyumba, ile nusu ya waliokuwa wakipelekewa chakula. Nikaanza kutafuta jumba lililotunza nusu ya pili.

Ndipo nikalipata Petworth, Sussex Magharibi. Jirani yangu alitupeleka kwa gari. Jumba hili limo mikononi mwa shirika la National Trust, linalotunza majumba ya kale, tangu 1947, na lenyewe limeingia kwenye filamu: Mr. Turner ya 2014 ilipigwa humo, na ilistahili, kwa kuwa mchoraji Turner mwenyewe alikuwa akialikwa Petworth na kuchorea humo. Picha zake bado ziko ukutani. Hizo nilizitazama haraka, naungama, maana mama alikwisha kuona kibao cha kuelekea jikoni.

Jiko la Petworth liko jengo la peke yake, upande wa pili wa ua, kwa hofu ya moto. Na ndani yake kuna shaba. Sufuria, vikaango, mifuniko, vyombo vya kuchemshia samaki vyenye umbo la samaki, vipande zaidi ya 1,000, vimepangwa rafu juu ya rafu kwa ukubwa. Mama aliweka mkoba chini. Akasogea kwenye sufuria moja kubwa, mikono nyuma kwa sababu hairuhusiwi kugusa, akachungulia ndani.

"Imetiwa bati," akasema.

Akanieleza jambo ambalo sikulijua. Sufuria ya shaba ikipikiwa kitu kichachu bila bati ndani, inatia sumu. Bati likichakaa, sufuria inapelekwa kwa fundi itiwe upya. Nyumbani kwa bibi yangu walikuwa na moja ya shughuli, ya kupikia pilau, na mama akiwa mdogo ndiye aliyetumwa nayo kwa fundi, kaibeba kichwani. Sikuwahi kuisikia habari hiyo maisha yangu yote. Ilinibidi nimlete mama Sussex ndipo nimjue bibi yangu zaidi. Halafu akatazama zile rafu tena, kwa muda mrefu, akauliza swali la mtu wa kazi: "Nani alikuwa anazisugua zote hizi?"

Kutoka jengo lile hadi jumba kubwa kuna handaki. Chakula kilipitia humo chini kwa chini, na watumishi nacho. Tulipofika mwanzo wa njia ile mama alisimama akaipima kwa macho. Shuleni kwake, alisema, kutoka jikoni hadi bwaloni kulikuwa na hatua arobaini, na mvua ikinyesha uji ulifika umepoa. Akatikisa kichwa taratibu, kwa huruma kabisa, kana kwamba waliobeba zile sinia walikuwa wametoka kazini jana.

Amesharudi Tanga. Wiki iliyopita alinipigia, nikasikia nyuma yake muziki wa tamthilia. Alikuwa akiirudia pamoja na mama mdogo. "Mtazame huyo," nikamsikia akimwambia, "hapo yuko London. Sasa ngoja afungue mlango."