Vyuma vya kitanda havimalizi haja

SWALI: Wodini kwetu kila usiku tunapandisha vyuma vya pembeni vya vitanda vya wazee, na bado wanaanguka. Tunakosea wapi?
Muuguzi, zamu ya usiku

JIBU: Mzee aliyebanwa na mkojo atashuka tu. Chuma kikiwa juu, atakiruka au atapenyea miguuni mwa kitanda, na sasa anaanguka kutoka juu zaidi. Anzeni na choo. Mpelekeni kabla ya kulala, kisha mpitieni kila baada ya saa 2. Msimuulize kama anahitaji kitu, maana wengi huona haya kusumbua wakajibu hapana, mwambieni, "Babu, twende chooni." Anayepewa dawa ya kuongeza mkojo jioni, mwombeni daktari aihamishie asubuhi.

Kitanda kishushwe hadi mwisho na breki zifungwe. Kisukumeni kidogo muone, kwani pedali huweza kulala chini huku gurudumu bado linazunguka. Kengele iwekwe upande wa mkono wenye nguvu: aliyepooza kushoto, kengele ya kushoto ni pambo kwake. Soksi tupu huteleza sakafuni. Avae viatu vinavyoshika kisigino.

Kinachosahaulika mno ni presha ya kusimama, yaani presha inayoshuka mtu anapoinuka. Mpimeni baada ya kulala dakika 5, kisha dakika ya 1 na ya 3 akiwa amesimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, damu haifiki vizuri kichwani anapoinuka. Huyo akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, kizunguzungu kikiisha ndipo asimame, tena akiwa ameshikwa. Mpeni daktari vipimo hivyo apitie upya dawa za presha na za usingizi, na aangalie kama mwili umepungukiwa maji.

SWALI: Nikimkuta mama yangu sakafuni, nimwinue?
Anayeuguza

JIBU: Hapana. Mfunike, kaa naye, paza sauti muuguzi aje. Mguu ukionekana mfupi na umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika, na kumvuta kutamwumiza zaidi. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda na amegonga kichwa, mwambie muuguzi papo hapo, hata kama mama anazungumza vizuri: damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, dalili zikaja saa kadhaa baadaye.